Barua ya wazi kwa mnaotia saini mikataba ya kuondoa mafuta machafu

Kwa wakurugenzi wa viwanda na maghala ya mafuta, wasimamizi wa bandari, na ninyi mnaotoa vibali vya kushughulikia taka hatarishi.

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima. Mimi ni fundi katika mtambo unaopokea mafuta machafu ya viwandani: oili chafu ya injini na mashine, mashapo ya chini ya matangi, maji yenye mafuta kutoka mifereji ya karakana, mafuta ya kukatia chuma yaliyokwisha nguvu, na mabaki yanayoshushwa na meli. Kazi yetu ni kuyasafisha mpaka yafae kutumika tena. Nawaandikia ninyi badala ya wenye mitambo wenzetu kwa sababu moja. Kama mafuta hayo yataokolewa au yataishia kwenye tanuri la kuteketezea, jambo hilo huwa limeshaamuliwa kabla lori halijafika getini kwetu. Limeamuliwa huko kwenu, siku mfanyakazi alipoambiwa "mwaga humo humo tu", na siku zabuni ilipopewa aliyeahidi kuondoa taka kwa bei ya chini kuliko wote.

Naomba nieleze kwanza kilichomo ndani ya tangi, maana katika vikao vingi neno "taka" hutajwa mara nyingi na hakuna anayeuliza ni taka ya nini.

Tope linalokaa chini ya tangi la mafuta ghafi ni mafuta, maji na yabisi: mchanga, kutu, chembe za chuma. Maji mara nyingi huwa kati ya asilimia 30 na 85. Mafuta mara nyingi huwa asilimia 15 hadi 50. Kiwanda cha kusafisha mafuta hukadiriwa kuzalisha tani moja ya tope la namna hii kwa kila tani 500 za mafuta ghafi kinazochakata. Kwa hiyo kuna tope ambalo hadi nusu yake ni bidhaa ileile mliyoinunua, mkailipia usafiri na bima, na sasa mnamlipa mtu mwingine aje aichukue.

Mtauliza: maji na mafuta si hujitenga yenyewe? Hujitenga, yakiwa safi. Ndani ya tope, maji yamekatikakatika kuwa matone madogo sana, na kila tone limevikwa ngozi ya asfalteni, nta na vumbi laini, vitu vizito vilivyomo ndani ya mafuta yenyewe. Matone mawili yakigongana hayaungani, kwa sababu ngozi hiyo inayazuia. George Gabriel Stokes alionyesha tangu mwaka 1851 kwamba kasi ya chembe kuzama ndani ya kimiminika hufuata mraba wa kipenyo chake. Tone likiwa na kipenyo nusu ya mwenzake, huzama kwa robo ya kasi. Likiwa na kipenyo sehemu moja ya kumi, huzama kwa kasi sehemu moja ya mia. Na kimiminika kikiwa kizito, kasi hupungua zaidi. Ndiyo maana tangi lililoachwa miaka mingi "litulie" halitulii. Vitu vyepesi vyenye thamani hupaa kama mvuke, na kinachobaki kinazidi kuwa mnato.

Kinachofanya kazi ni kulipasha tope joto, kwa kawaida nyuzi 60 hadi 90 za Selsiasi, ili mafuta yawe mepesi. Kutia dawa inayoivunja ile ngozi ya matone. Kisha kuingiza kila kitu kwenye mashine ya kuzungusha kwa kasi, ambayo huyavuta matone kwa nguvu maelfu kadhaa ya mara kuliko mvutano wa dunia. Upande mmoja hutoka mafuta, mwingine maji, mwingine yabisi. Yabisi yakiwa bado yameshika mafuta mengi, yanaweza kupashwa joto la nyuzi 450 na zaidi pasipo hewa, mvuke wake ukapozwa ukawa mafuta tena. Hakuna muujiza hapo. Ni joto, kemia na uvumilivu, na mitambo ya namna hii ipo na inafanya kazi kila siku.

Sasa niwaambie kinachotuangusha. Cha kwanza ni sabuni. Karakana inaosha sakafu na vyuma kwa dawa kali ya kuondolea grisi, maji yake yanaelekezwa kwenye shimo lilelile linalopokea mafuta, na pampu ya kasi inayapiga yote pamoja. Dawa hiyo imetengenezwa makusudi iyashikanishe mafuta na maji. Ikifika kwetu inaendelea na kazi yake vizuri kabisa: matone yanakuwa madogo kuliko yale tuliyotaka kuyaunganisha. Mfereji wa pili, wa maji ya kuoshea peke yake, ungemaliza tatizo. Lakini mfereji wa pili hauonekani kwenye ripoti ya mwaka, kwa hiyo haujengwi.

Cha pili, na kibaya zaidi, ni klorini. Hapa naomba mnisome taratibu.

Oili ya injini na mashine haichakai kama chuma kinavyochakaa. Mafuta ya msingi yaliyomo hubaki mafuta. Kinachokwisha ni viungo vilivyotiwa kiwandani kuyapa sifa zake, na kinachoongezeka ni uchafu: maji, masizi, dizeli au petroli iliyopenya, chembe za risasi, zinki na madini mengine. Ukiondoa maji, ukaondoa vitu vyepesi, kisha ukayakeneka mafuta katika ombwe, yaani kuyageuza mvuke na kuupoza mvuke huo huku hewa imenyonywa ndani ya mtambo, unapata mafuta ya msingi tena. Ombwe ni la lazima, kwa sababu katika hewa ya kawaida ingebidi upandishe joto mpaka mafuta yavunjike kabla ya kuchemka. Hatua ya mwisho huwa ni kuyapitisha kwenye haidrojeni yenye shinikizo kuondoa salfa na rangi. Masalia meusi mazito yanayobaki chini huweza kuingia kwenye lami. Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya Marekani, EPA, hutoa ulinganisho huu: kupata karibu lita 2.4 za kilainishi kipya chenye ubora, unahitaji galoni 42 za mafuta ghafi, au galoni moja tu ya oili chafu. Galoni yao ni kama lita 3.8. Na nishati inayotumika kusafisha oili chafu ni karibu theluthi moja ya ile ya kuanzia kwenye mafuta ghafi.

Hayo yote yanasimama iwapo klorini haimo. Viyeyushi vingi vya kusafishia vyuma vina klorini nyingi ndani yake. Ikiingia kwenye mtambo wa joto, hugeuka asidi inayokula mabomba. Ikichomwa kwenye moto hafifu, huweza kutoa dioksini, sumu kali sana. Sheria za Marekani zinachukulia kwamba oili chafu yenye halojeni, yaani klorini na jamii yake, zaidi ya sehemu 1,000 kwa kila milioni imechanganywa na taka hatarishi, mpaka mwenye mali athibitishe vinginevyo. Piga hesabu mwenyewe: pipa moja la lita 200 la kiyeyushi cha namna hiyo, likimwagwa ndani ya tangi la lita 100,000 za oili nzuri, linalivusha tangi zima mpaka huo, tena kwa mbali. Pipa moja! Mtu aliyelimwaga alitaka tu nafasi ya kuweka pipa tupu. Katika Umoja wa Ulaya, taka hatarishi yenye halojeni za namna hii zaidi ya asilimia 1 lazima iteketezwe kwa joto la nyuzi 1,100 kwa angalau sekunde 2, badala ya nyuzi 850 za taka nyingine. Kwa hiyo ninyi mliokuwa mkiuza mafuta, sasa mnanunua moto.

Na kuna mafuta ya transfoma za zamani, yenye PCB, kemikali ya sumu yenye klorini. Watu huogopa mafuta meusi. Mimi yanayonitia hofu ni yale yanayong'aa, yasiyo na harufu ya kuungua, yaliyoletwa kwenye pipa lisilo na maandishi. PCB haionekani kwa macho. Mpaka unaotumika kimataifa ni miligramu 50 kwa kilo, na kiasi hicho hakibadilishi rangi wala mnato wa chochote.

Mkiona natia chumvi, someni yaliyoupata mji wa Times Beach, jimbo la Missouri, Marekani. Katika miaka ya 1970 barabara zake za vumbi zilinyunyiziwa mafuta machafu ili vumbi litulie. Aliyeyanyunyizia alikuwa pia akichukua mabaki ya kiwanda cha kemikali, na mabaki hayo yalikuwa na dioksini. Yote yalipita mikononi mwa mtu huyo huyo. Mwaka 1982 uchunguzi ulionyesha udongo wa mji umechafuka. Mwaka 1983 serikali ikaamua kuwanunulia wakazi nyumba zao wote na kuwahamisha. Mji ukabomolewa, na udongo uliokuwa na sumu ukateketezwa kwenye tanuri, kazi iliyokamilika mwaka 1997. Ubelgiji nayo, mwaka 1999, mafuta ya transfoma yenye PCB yaliingia kwenye mafuta ya chakula yaliyokusanywa ili yachanganywe katika chakula cha mifugo, na mashamba zaidi ya 2,000 yakaguswa. Mafuta ya kawaida ndiyo yaliyoibeba sumu. Hakukuwa na karatasi iliyosema kilichokuwamo.

Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaosimamia usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi, unayaweka mambo haya katika mafungu tofauti: Y8 ni mafuta ya madini yasiyofaa tena kwa kazi yake ya awali, Y9 ni michanganyiko ya mafuta na maji, Y10 ni vitu vyenye PCB. Wanadiplomasia waliokaa mezani na kalamu waliona haja ya kuyatenganisha. Sijui kwa nini sisi tulioshika mpira wa pampu tuyachanganye.

Nije kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo saini zenu zilipo.

Mikataba mingi hulipa kwa lori. Lori limejaa, limeondoka, stakabadhi imegongwa muhuri, kazi imekwisha. Mkandarasi analipwa ili kitu kisionekane tena. Akiwa mwaminifu, atatumia fedha kupima, kupasha joto, kutenganisha, kutibu maji, na kumlipa mtu wa kupokea yabisi. Akiwa si mwaminifu, atayauza mafuta yalivyo kwa mwenye boila asiye na kichujio, au atayamwaga usiku. Hawa wawili wakishindana kwa bei peke yake, wa pili atashinda kila mara, na kamati ya zabuni itapongezwa kwa kuokoa fedha. Zabuni iliyo chini ya gharama ya kushughulikia mabaki inawaambia waziwazi mabaki yatakwenda wapi. Hamhitaji mpelelezi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Daftari ninaloliomba ni mizania ya uzito: tani zilizoingia, na upande wa pili tani za mafuta yaliyopatikana, tani za maji yaliyotibiwa, tani za yabisi na zilipopelekwa, na kile kilichopotea kama mvuke. Pande mbili zikaribiane. Mkandarasi akileta ripoti isiyo na yabisi hata kidogo, msimsifu. Tope halina mafuta matupu, na aliyepoteza yabisi yote ameyapoteza mahali fulani. Kisha mlipeni kwa mafuta yaliyopatikana na mabaki yaliyothibitishwa, si kwa idadi ya malori. Mtashangaa jinsi atakavyoanza kuwauliza maswali kuhusu mfereji wenu wa sabuni.

Kuna wahasibu watakaosema kwamba bei ya mafuta ghafi ikishuka, kuokoa mafuta hakulipi. Ni kweli kwamba bei ya mafuta tunayoyarudisha hufuata bei ya mafuta ghafi, na kuna miaka ambayo tunauza kwa kujikaza. Lakini gharama ya kuteketeza tani moja ya tope haishuki pamoja nayo. Kila tani ya mafuta na maji inayotolewa ndani ya tope ni tani ambayo hamtalipia tanuri. Wekeni akiba hiyo kwenye hesabu ileile, kisha tuzungumze. Wala sidai kila kitu kiokolewe. Tope lenye mafuta asilimia 5 na madini mazito tele ni la kuteketezwa au kufungwa salama, na anayewaahidi kulitolea dizeli anawauzia maneno.

Kuna jambo lililo zito kwangu kuliko fedha. Bado kuna matangi yanayosafishwa kwa kuingiza watu wenye koleo na ndoo. Ndani ya tope kuna gesi ya salfidi ya haidrojeni. Kwa kiasi kidogo hunuka yai viza. Ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua huacha kuihisi, na mtu hudhani imekwisha. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini, pale pale anapoinama. Tope likikorogwa kwa koleo, gesi iliyojificha hutoka kwa mkupuo. Kuna benzini pia, ambayo huleta saratani ya damu. Na mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeruka ndani kumwokoa wa kwanza.

Inawezekana kufanya kazi kubwa ukiwa nje. Mafuta yaliyopashwa joto hurushwa kwa shinikizo kupitia nozeli zilizofungwa kwenye tundu la tangi, tope linalainika na kuyeyuka ndani yake, pampu inalizungusha na kulivuta kwenda kwenye mashine ya kutenganisha. Sehemu kubwa ya mafuta hutoka kabla mtu yeyote hajaingia. Kinachobaki ni kidogo, na kabla ya mtu kuingia hewa hupimwa oksijeni, gesi ya kuwaka na sumu, tena si mara moja. Kwa hiyo anayewaletea zabuni ya koleo na ndoo anapoteza mafuta yenu na anacheza na maisha ya watu kwa wakati mmoja. Zabuni hiyo isisomwe hata ukurasa wa pili.

Kwenu mnaotoa vibali, nina machache. Ukaguzi unaoishia kwenye uzio, kizimamoto na bango la usivute sigara haujakagua kitu. Muulizeni mwombaji anasafisha kwa njia gani. Ile njia ya zamani ya asidi ya salfuriki na udongo ni rahisi kuijenga na mafuta yake hupendeza kwa rangi, lakini huacha lami yenye asidi na udongo uliolowa mafuta, taka mbaya kuliko ile iliyoingia. Nchi nyingi zimeiacha. Kama atasema anaitumia, aonyeshe kwa maandishi pa kuyapeleka mabaki hayo. Umoja wa Ulaya, katika Direktivu 2008/98 kifungu cha 21, unataka mafuta machafu yakusanywe peke yake, yasichanganywe na mengine yenye sifa tofauti, na kuyarudisha kuwa mafuta ya msingi kupewe kipaumbele. Si lazima kunakili sheria ya watu neno kwa neno. Ila katazo la kuchanganya liwe na adhabu kwa anayezalisha taka, siyo kwa dereva peke yake.

Wenye bandari, mnajua kwamba chini ya MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, meli hairuhusiwi kumwaga maji ya chini ya injini yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 kwa milioni, na kwamba bandari inatakiwa iwe na pa kupokelea mabaki. Mapokezi yakiwa ya kusubiri siku nyingi au ya ada ya kutisha, mabaki hayo hayataletwa.

Vitu ninavyoviomba kwenye mlango wa kiwanda ni vya bei ndogo kuliko tangazo moja la gazeti. Matangi tofauti: oili ya mashine, mafuta ya kukatia chuma, viyeyushi, maji yenye mafuta. Kila tangi na kufuli lake, maana maandishi bila kufuli ni mapambo. Mapipa ya mafuta ya transfoma yasikaribie hata ua huo mpaka maabara iseme. Kila lori linapopakiwa zichukuliwe chupa mbili za sampuli, zifungwe kwa lakiri, moja ibaki kwenu. Ukibishana na mkandarasi baadaye, chupa hiyo itazungumza.

Vipimo vya awali navyo ni vya mikono. Waya wa shaba uchomwe mpaka uwe mwekundu, uchovywe kwenye mafuta, urudishwe motoni: ndimi za moto zikiwa za kijani, shuku klorini na usipakie mpaka maabara ijibu. Tone la mafuta kwenye bamba la moto likipasuka na kulia, kuna maji. Kijana yeyote wa karakana anaweza kufundishwa haya kwa muda mfupi, mradi apewe miwani, glavu na mahali palipo mbali na matangi, na apewe pia mamlaka ya kulizuia lori. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu haliwezi kununuliwa dukani. Lazima mkurugenzi aliandike na kulitia saini.

Kabla ya kujibu barua hii, ombeni mletewe hati za lori la mwisho lililotoka kwenu: lilibeba nini, nani alipima, lilishusha wapi, mafuta kiasi gani yalipatikana, na yabisi yake yako wapi leo. Zikipatikana zote ndani ya saa moja, nitafurahi kuambiwa kwamba niliwaandikia bure.

Wenu katika kazi,

Fundi wa mtambo wa kuchakata mafuta machafu